Mwana wa Songosongo
Sehemu ya 6: Bahasha Tatu

ILIPOISHIA

Zuhura, binti wa steshenari ya Kibiti mjini anayewajazia watu fomu za RITA na NIDA, amegundua kuwa babu yake mzazi si Mzee Mbwana wa Salale. Ni Nino, fundi mitambo wa Kitaliano aliyekuja na kampuni ya AGIP mwaka 1974, mwaka ambao kisima cha kwanza cha Songosongo kiligonga gesi. Bibi Somoe ameapa kwamba Nino alisilimu na wakafungishwa ndoa. Cheti cha ndoa hiyo kimepatikana ndani ya kasha la bati lililonusurika mafuriko ya Aprili 2024, lakini mchwa wamelitafuna jina la bwana harusi. Zimebaki herufi nne tu za ukoo wake: B, E, L, L. Kwa herufi hizo hakuna ofisi Italia itakayomtafuta mtu. Chini ya cheti kuna sahihi ya shahidi mmoja inayosomeka vizuri. Ni ya Mzee Mbwana.

SASA ENDELEA...

Nahodha alizima mashine, akainua rafadha na kushika pondo, lakini alikuwa amechelewa. Chombo kilikaa kwenye tope. Ilikuwa bamvua, na maji yaliyowatoa Nyamisati alfajiri yalikuwa yamekupwa yote, yakaacha mizizi ya mikoko wazi pande zote mbili, imevaa chaza na konokono.

"Hapa mpaka maji yarudi," nahodha alisema. "Tuliza roho, Mwenyekiti."

Salumu, mwenyekiti wa kijiji aliyechaguliwa na watu wake Novemba 27 mwaka 2024, hakuwa na roho ya kutulia. Tangu walipong'oa nanga hakuwa amesema neno. Sasa alimgeukia bintiye.

"Zuhura, hebu nieleze tena. Nieleze kama unavyomweleza mteja."

Zuhura alisogea karibu. Mbele yao Bibi Somoe alikuwa amekaa kwenye omo, mtandio umefunika nusu ya uso, macho yako kwenye tope.

"Italia wao, baba, hawatazami umezaliwa wapi. Wanatazama umezaliwa na nani. Zamani hapakuwa na mwisho. Mtu wa Argentina au Brazil aliweza kudai kwa babu wa babu yake aliyepanda meli miaka mia na zaidi iliyopita. Mwaka huu wa 2025, Machi 28, serikali yao ikaufunga mlango huo, na Mei bunge likaupiga komeo kwa Sheria Namba 74. Sasa aliyezaliwa nje ya Italia anatakiwa awe na mzazi, au babu, au bibi, ambaye ni Mtaliano tu. Asiwe na uraia mwingine wowote. Na kama amekufa, awe amekufa hivyo hivyo."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ya mzazi aliyekwisha kuwa Mtaliano akaishi kule miaka miwili mfululizo kabla mtoto hajazaliwa. Hiyo mimi sina. Yangu ni moja: Nino ni baba kwako, ni babu kwangu. Mimi ndiye wa mwisho. Nikizaa kesho, mwanangu hatafikiwa."

Salumu alinyamaza kidogo. "Na gharama?"

"Euro 600 kwa kila mtu mzima, na hazirudi hata ukikataliwa. Kwa fedha yetu ni zaidi ya milioni moja na nusu."

"Mpunga wote ulikwenda na mafuriko, halafu nitoe milioni na nusu kumtafuta mtu asiyenitafuta."

Zuhura hakujibu. Alijua kilichomuuma baba yake hakikuwa fedha. Shuleni walimwita Mtoto wa Bomba. Alipogombea uenyekiti kuna aliyesimama mkutanoni akauliza kama huyu mtu ana asili ya hapa. Siku ile Mzee Mbwana alinyanyuka na fimbo yake, akasema mbele ya kijiji kizima, "Huyu ni mwanangu," na swali likafia hapohapo.

Ndiyo maana maneno ya yule mwanamama wakili wa Dar es Salaam yalimkosesha Salumu usingizi. Wakili huyo alikuwa amesoma Italia na sheria zao anazifahamu. Aliwaambia kwamba kule mtoto ambaye tayari ana baba kwenye karatasi hawezi kutambuliwa na baba wa pili mpaka yule wa kwanza afutwe. Cheti cha kuzaliwa cha Salumu, kitambulisho chake cha Taifa, vyeti vya shule, vyote vinasoma Salumu Mbwana. Kwa hiyo njia ya kwenda kwa Nino ilikuwa inapita mahakamani, na mshitakiwa wake angekuwa mzee wa miaka themanini na ushei, aliyemfundisha kutupa jarife na kusoma maji.

"Lakini kama Bibi alikuwa mke wa ndoa," wakili alisema, "hadithi ni nyingine. Mtoto wa ndoa hahitaji kutambuliwa. Ndoa iliyofungwa kwa sheria ya Tanzania na shehe mwenye idhini, Italia wanaiheshimu. Nitafutieni jina kamili la bwana harusi."

Kisha akawapa mfano wa Asmara. Mei 1940 utawala wa Mussolini ulitunga sheria iliyomkataza Mtaliano kumtambua mtoto aliyezaa na mwanamke wa Eritrea, Ethiopia au Somalia. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1947, lakini watoto wengi walikwisha kuandikwa bila baba, na wajukuu zao mpaka leo wanabisha hodi kwenye ofisi za Italia wakiwa na picha na masimulizi mikononi. "Picha mnayo, masimulizi mnayo," wakili alimaliza. "Tafuteni karatasi."

Salumu aliuliza swali ambalo Zuhura alikuwa akiliogopa tangu Nyamisati.

"Na huku kwetu je? Nikipata huo wa kwao, wa kwangu unabaki?"

"Haubaki, baba. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili."

"Na shamba?"

"Asiye raia hamiliki ardhi kama raia anavyoimiliki."

"Basi tunakwenda kutafuta nini?"

Omoni Bibi Somoe aliufunua uso. "Nyie tafuteni pasi zenu. Miye nakwenda kumwuliza Mbwana jambo moja. Mume wangu aliondoka nina mimba ya miezi saba. Alisema ataandika. Nilikaa miaka miwili, kila mtu akienda Utete namwambia pitia posta. Kwa nini hakuandika?"

Nahodha alitazama pembeni. Mbali, chini ya mikandaa, maji yalianza kuingia tena.

*

Walifika jua limeshapinda. Mpunga ulikuwa umeiva, na Mzee Mbwana alikuwa juu ya dungu lake, kombeo mkononi, anafukuza ndege. Mafuriko yalipoisha wanawe walimsihi ahamie kwao, nchi kavu. Alikataa. Alisema shamba lisilo na mtu ni la nguruwe.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mke wangu!" Alishuka ngazi taratibu, anacheka. "Na leo umemleta mke mwenzio? Mtagombana, nyumba yenyewe ndogo."

Bibi Somoe hakucheka. Alikaa kwenye mkeka, akatoa kifuko cha plastiki kifuani, akakitandaza cheti mbele ya mumewe. Hakusema kitu. Aliweka kidole chini ya ile sahihi.

Mzee Mbwana alikitazama cheti kwa muda. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Nilikuwa shahidi," alisema. "Kweli. Nilikuwa nabeba vyakula vyao kwa jahazi, Songosongo na Kilwa Kivinje. Nino alikuwa rafiki yangu. Hakuwa na ndugu hapa, akaniomba nisimame."

"Hilo nalijua," Bibi Somoe alijibu. "Nakuuliza la pili. Salumu alipozaliwa nilikupa cheti chake kilichotoka bomani Utete, kile chenye jina la Nino. Nikakwambia kipeleke Dar es Salaam, kwenye ofisi yao, wamtumie. Ulikipeleka?"

"Nilikipeleka. Wallahi nilikipeleka."

"Akajibu?"

Ndege walishuka shambani kwa mamia, wala hakuna aliyewafukuza. Mzee Mbwana alinyanyuka, akapanda dungu, akapapasa kwenye makuti. Aliposhuka alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililoota kutu, mfuniko wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Alilifungua kwa kisu. Ndani mlikuwa na bahasha tatu.

"Barua zilikuwa zinakuja kwa jina langu," alisema, "kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na anwani, ya tajiri mwenye jahazi. Nilizificha mimi."

Delta hii ya Rufiji iliwahi kuificha Königsberg, manowari nzima ya Wajerumani, ile iliyoangamizwa na Waingereza Julai 1915. Kopo moja la maziwa juu ya dungu lingeishindaje? Zuhura aliwaza hivyo huku akimtazama bibi yake, akisubiri kilio. Hakikuja. Bibi Somoe aliichukua bahasha ya juu, akampa Zuhura.

"Soma tarehe. Kwa sauti."

Muhuri wa posta ulikuwa umefifia, ila mwaka ulionekana. "1976, bibi."

"Shehe alinivunjia ndoa yangu mwaka 1977," Bibi Somoe alimwambia mumewe. Sauti yake haikupanda. "Alinivunjia kwa kuwa mume kanitelekeza, haandiki, hatumi. Ulikuwepo pale barazani. Ulisikia naulizwa mara ya mwisho, nikajibu sina habari yake. Habari zangu ulikuwa nazo wewe."

"Mama Salumu..."

"Na mwaka uliofuata ukaniposa."

Mzee Mbwana aliinamisha kichwa. Alipoinua, hakumtazama mkewe, alimtazama Salumu.

"Ulikuwa unatambaa," alisema. "Kila nikitia nanga, wewe ndiye wa kwanza kunijia. Nilijua barua ikifika mikononi mwa mama yako, mtaondoka. Ningebaki na nini? Siombi unisamehe leo. Nataka ujue tu kwamba sikuiba kwa chuki."

Salumu alikuwa amesimama, ngumi amezikunja, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Kwa nusu karne alikuwa na baba mmoja. Sasa baba huyo huyo ndiye aliyemnyima mwingine, na moyo wake haukujua uende upande gani.

*

Ndani ya bahasha ya kwanza mlikuwa na karatasi mbili. Moja iliandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunzia visiwani:

"Somoe, mimi nimepata cheti ya mtoto. Mimi nimeandika yeye kwa ofisi ya mji yangu. Sasa mtoto iko na nyumba mbili. Wewe andika kwangu, mimi natuma nauli."

Ya pili ilipigwa chapa kwa Kitaliano, ina mihuri miwili, na jina la Nino na la ukoo wake lote, herufi kwa herufi. Zuhura aliipiga picha, akapanda dungu ambako mtandao hupatikana, akaituma kwa wakili. Aliona alama mbili zikigeuka buluu. Haikupita muda simu ikaita. Aliweka sauti ya nje ili baba yake, aliyepanda nyuma yake, asikie.

"Zuhura, mmeitoa wapi hii?"

"Kwenye kopo, mama."

"Hii ni nakala ya kitabu cha vizazi cha mji wao. Imeandikwa mtoto wa kiume, amezaliwa Rufiji, Tanzania, mwaka 1975, baba huyu, mama Somoe, mume na mke. Alipeleka cheti cha Utete na kikasajiliwa. Unanielewa? Hakuna wa kumtambua tena baba yako. Alikwisha kuandikwa kabla jina la Mzee Mbwana halijaingia popote."

Salumu alishusha pumzi ndefu. "Kwa hiyo sitamshitaki mzee?"

"Kwa upande wa Italia, hapana." Wakili alisita. "Ni wewe, Mwenyekiti? Basi kaa chini unisikilize. Hapa hakuna kuomba uraia. Kwa karatasi hii, Italia inakuhesabu kuwa wao tangu siku uliyozaliwa. Na Tanzania inakuhesabu kuwa wake tangu siku hiyo hiyo. Mtoto anaruhusiwa. Lakini akishakuwa mtu mzima sheria ya hapa inamtaka aukane uraia wa nje. Asipoukana, wa hapa unamtoka. Wewe uliukana?"

"Ningeukanaje kitu nisichokijua?"

"Hilo ndilo nitakalolisimamia mbele ya ofisi yoyote, na nitalisimamia kwa nguvu zangu zote. Lakini mwenye nia mbaya hatasubiri nilisimamie. Atasema kijiji kimemchagua mtu asiye raia. Atasema shamba ni la mgeni. Karatasi hiyo asiione mtu mpaka nionane nanyi. Hapo mlipo kuna nani?"

Zuhura na baba yake walitazamana, kisha wote wakatazama chini. Nahodha alikuwa amesimama mguuni pa ngazi, kikombe cha maji mkononi. Alikuwa binamu wa yule aliyeuliza swali la asili mkutanoni.

"Nimekuja kusema maji yamejaa," nahodha alisema. "Tukichelewa tutalala hapa." Akageuka, akaelekea chomboni kwa hatua za haraka.

"Zuhura," wakili aliita, "bado upo? Kuna jambo la mwisho, na hili ni lako wewe. Baba yako karatasi yake imesimama tangu 1976, lakini wewe sheria mpya inakupima. Kila kitu kinamrudia Nino. Je, alibaki Mtaliano tu? Kama yuko hai, ana uraia gani? Kama amekufa, alikufa raia wa wapi? Akiwa alichukua nchi nyingine, hata kwa siku moja kabla ya kufa, mlango wako umefungwa. Someni barua zilizobaki. Tafuta ya mwisho aliiandika lini na akiwa wapi."

Simu ilikatika. Zuhura alishuka ngazi mbili mbili. Kwenye mkeka Bibi Somoe alikuwa bado ameketi na zile bahasha mapajani, na Mzee Mbwana mbele yake, wazee wawili waliolala nyumba moja miaka arobaini na saba, sasa hawatazamani.

Bahasha ya pili ilikuwa na stempu ya Italia na muhuri wa 1977. Ndani mlikuwa na hundi ya benki isiyowahi kuchukuliwa na mistari michache: "Somoe, kwa nini hapana jibu?" Bibi Somoe aliusikia mstari huo, akafumba macho. Zuhura alimshika mkono, akaumaliza usomaji hapo.

Ikabaki ya tatu. Ilikuwa nene kuliko zote, na gundi yake haijabanduliwa. Mzee Mbwana hakuwahi kuifungua. Zuhura aliigeuza kutafuta muhuri. Hapakuwa na muhuri. Alitafuta stempu. Hapakuwa na stempu, wala alama kwamba iliwahi kubandikwa. Hapakuwa na anwani ya tajiri wa jahazi. Mwandiko ulikuwa uleule, neno ni moja tu, katikati: Somoe.

Kule kwenye maji mashine ilipigwa, ikawaka. Salumu alitoka mbio kuelekea chomboni, anamwita nahodha kwa jina. Zuhura hakumfuata.

"Babu," alisema, "hii ilipitia posta gani?"

Mzee Mbwana alinyoosha mkono aichukue. Bibi Somoe akamwahi, akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mjibu mtoto," alimwambia.

Mzee alimeza mate. Midomo ilimtetemeka kabla maneno hayajatoka.

"Hiyo haikuja kwa posta," alisema. "Aliileta mwenyewe."

ITAENDELEA...

Nino alirudi lini, na kwa nini Somoe hakumwona? Nahodha ameondoka na siri ya Mwenyekiti? Na ndani ya bahasha iliyofungwa kuna jina la nchi gani? Usikose Sehemu ya 7 Jumamosi ijayo.